Xiaozhou, Guangzhou: kijiji cha makombe ya chaza katikati ya maghorofa

Jamani nyie mnaokuja Guangzhou, China, kufuata mzigo, kila safari mtaa wa Xiaobei, soko la nguo, ofisi ya kago, mnarudi Dar mji hamjauona. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, ila Oktoba mzigo wangu ukachelewa kiwandani siku mbili, mdogo wangu anayesoma kule kisiwa cha vyuo, Xiaoguwei, akasema dada twende Xiaozhou. Nikajua anatafuta pa kupigia picha tu.

Kijiji kipo Haizhu, wilaya ileile yenye ule mnara mrefu wa Canton Tower, kina zaidi ya miaka 600. Unashuka kwenye teksi unakuta mifereji, vidaraja vya mawe, mikuyu mikubwa ya kivuli, wazee wanacheza karata. Kilichonimaliza ni zile nyumba za makombe ya chaza. Yaani ukuta mzima ni makombe makubwa kama kiganja, yamepangwa kwa kuinama safu juu ya safu, nikapitisha mkono yanakwaruza kama msasa. Mimi mtu wa Tanga kuta za matumbawe na chokaa nimekua nazo, hii nikasimama pale mpaka dogo akachoka kunisubiri. Eti joto la huku, ambalo si la mchezo, halipenyi kirahisi, na mvua inateleza tu. Ila zimebaki chache, ulizieni, msije mkapita.

Angalizo moja: mifereji inafuata maji ya Mto Pearl, sisi tulifika yamekupwa, tope tupu na harufu yake mnaijua. Nendeni maji yakiwa yamejaa.

Wachoraji ndio walioutangaza sana huu mtaa, miaka ya 1980 wakina Guan Shanyue na Li Xiongcai walijenga hapa, baada yao zikaja studio na wanafunzi wa kuchora, utawaona na karatasi zao kandokando ya maji. Sasa ukitoka kwenye mfereji hatua chache tu unaingia kwenye yale magorofa ya kupangisha yaliyobanana mpaka Wachina wenyewe wanayaita magorofa ya kushikana mikono, maana wa dirisha hili anampa mkono wa dirisha lile. Wengine hawapendi, mimi naona ndio raha yake, watu wanaishi, nguo zimeanikwa, siyo maonyesho.

Kula: tafuteni maziwa ya tangawizi. Mama anakamua tangawizi bakulini, anamwagia maziwa ya nyati ya moto kwa mkupuo mmoja halafu usiguse! Dakika chache yameganda, unaweka kijiko juu hakizami. Laini, halafu pilipili ya tangawizi inakuja nyuma kooni. Nilikula mawili. Mgahawa mmoja wa kahawa wa pembeni ya maji ndio uliniudhi, bei ya kitalii, kahawa ya baridi kama maji ya kuoshea kikombe, na choo wakatuonyesha cha barabarani.

Wikiendi msiende, watu kama njugu. Katikati ya wiki naupa 4 kati ya 5.

Na wekeni Alipay, ile app ya kulipia ya Wachina, kwenye simu kabisa. Bibi mmoja alikuwa chini ya mkuyu anauza mabirimbi matamu, yale makubwa ya pembe tano, anapima kwa mizani ya kijiti, nikatoa noti akatikisa kichwa, akanyanyua kikadi cha kuskani kilichoning'inia shingoni.