Friwili au kaseti kwa baiskeli ya kwanza ya kujiundia

Ukiunganisha baiskeli kwa vipuri vya mitumba hapa Nairobi, anza na habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu), maana ndiyo inayoamua mengine. Pima nafasi ya fremu inapokaa ekseli (chuma kinachopita katikati ya habu): nyingi za milimani ni milimita 135, za mbio 130, za zamani 126.

Friwili, yaani seti ya sproketi (magurudumu ya meno ya cheni), hufungwa kwa nyuzi kama za skrubu moja kwa moja kwenye habu. Ni ya bei nafuu, na gia 6 au 7 zinatosha barabara tambarare. Udhaifu wake ni ekseli: upande wa cheni beringi iko ndani mno, hivyo kipande kirefu hubaki bila kushikiliwa na hupinda au kukatika ukibeba mzigo.

Kaseti ni sproketi zinazochomekwa kwenye habu badala ya kufungwa kwa nyuzi; beringi ya habu yake husogea karibu na fremu, hivyo ekseli haipindi kirahisi. Kwa mwenye kupanda vilima vya Ngong, achukue hii, hata ikimgharimu zaidi. Lakini kaseti ya gia 7 kwenye habu ya Shimano ya gia 8 au 9 inahitaji pete ya milimita 4.5 nyuma yake. Bila hiyo itacheza hata ukaze vipi.

Kwa zote mbili, kibadilisha gia cha usukani kilingane na idadi ya sproketi za nyuma.