Kiwix: Wikipedia nzima mfukoni, bila mega hata moja

Jambo Bukavu, na jambo kwenu mnaotazama kutoka Goma, Uvira na kwingineko. Leo mezani kuna kitu kimoja tu: Kiwix. Hukumu yangu naitoa mapema, ili mwenye mega chache asizimalize kwa kunisubiri. Ichukueni. Ila msichukue faili la kwanza mnaloliona, na msitegemee kwamba litajisasisha lenyewe.

Kwa asiyeijua, hii ni programu huria yenye leseni ya GPL toleo la 3 (yaani kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa). Ilianzishwa mwaka 2007 na Emmanuel Engelhart pamoja na Renaud Gaudin. Inakusomea Wikipedia na tovuti nyingine zilizohifadhiwa ndani ya faili, bila intaneti. Ipo kwa Android, Linux, Windows, Mac na iPhone, na hailipiwi.

Sasa tazameni kioo. Data nimezima, alama ya ndege hii hapa juu. Naandika "Lac Ki"... mnaona? Sijamaliza hata jina, orodha imeshashuka. Nabonyeza, ukurasa umefunguka, ramani ipo, picha zipo. Simu yenyewe ni ya kawaida kabisa, na faili ni Wikipedia ya Kifaransa yenye picha, zaidi ya gigabaiti 30. Mpenzi wa programu lazima aulize: kasimu kama haka kanawezaje?

Siri iko kwenye umbo la faili, linaloitwa ZIM. Makala zimebanwa kwa Zstandard, mbinu ya kupunguza ukubwa wa data, katika mafungu madogo madogo, na ndani ya faili kuna orodha inayoonyesha kila makala iko fungu gani. Ukitaka moja, Kiwix inafungua fungu lake tu. Humwagi gunia zima sakafuni kwa sababu ya kikombe kimoja cha maharagwe. Faharasa ya kutafutia ni ya Xapian, programu huria ya utafutaji, nayo kwa kawaida imefungwa humo humo ndani, kwa hiyo ukinakili faili unanakili na utafutaji wake. Mimi kazi safi namna hii naiheshimu.

Tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Jina la faili lisomeni taratibu. Kwanza jina la tovuti, kisha lugha, kisha sehemu iliyochukuliwa (all ni yote), kisha neno moja la aina, halafu mwaka na mwezi. Neno hilo la aina ndilo linalokula mega zako. Maxi ni makala kamili na picha. Nopic ni makala kamili bila picha. Mini ni utangulizi wa kila makala na kisanduku chake cha taarifa, basi. Wikipedia ya Kiingereza kwa maxi inapita gigabaiti 100, na kwa forfeti zetu hapa, yaani vifurushi vya data, hiyo si ya kushusha, ni ya kuomba kwa mtu mwenye nayo. Ya Kiswahili ni nyepesi mno na naipendekeza kwa kila nyumba, lakini tusemezane ukweli: makala nyingi ni fupi. Mwanafunzi anayejiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, atahitaji na ya Kifaransa.

Kwa sisi wa Linux kuna utamu zaidi. ArchWiki, wiki ya maelezo ya Linux, ipo katika ZIM, na ni faili dogo sana. Nyaraka za DevDocs, za lugha za kuandikia programu, zipo pia. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ipo, ila hiyo ni makumi ya gigabaiti. Kama unaandika programu na delestaji (mgao wa umeme) imezima hadi ruta ya jirani, ArchWiki peke yake ndani ya kompyuta inatosha kukuokoa usiku mzima.

Kushusha: tumieni torenti (kushusha vipande vipande kutoka kwa watu wengi), au amri ya wget yenye -c, ili mtandao ukikatika uendelee pale ulipoishia. Mkimaliza, hakikisheni faili kwa sha256sum, amri inayotoa namba ya kulinganisha na ile iliyotolewa na Kiwix, ili kujua halijaharibika. Msilidharau hilo, hasa faili likiwa limepita kwenye kadi za watu watatu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni hiki hapa. Kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, sakinisha kiwix-tools, kisha andika kiwix-serve --port=8080 na jina la faili. Enter. Basi. Sasa kila simu iliyoshika Wi-Fi ya nyumba inafungua kivinjari, inaandika anwani ya kompyuta hii na 8080, na inasoma. Hawahitaji kusakinisha kitu, na ruta haihitaji kuwa na intaneti. Hata programu ya Android ina sehemu ya kugawa vitabu kwa hotspot, bila kompyuta. Na ukiweka kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani, chaja yake rasmi ni wati 15 tu. Betri na paneli ya jua vinaiweza. Darasa zima pale Kadutu, hapa Bukavu, linaweza kusoma bila mtu yeyote kununua mega.

Malalamiko yangu sasa. Kusasisha ni mateso: toleo jipya likitoka unashusha faili zima upya, hata kama kilichobadilika ni kidogo. Mimi faili kubwa nalisasisha kwa nadra sana, na sioni haya. Pia, toleo la Play Store haliruhusiwi kupekua folda zote za simu, kwa sababu ya masharti ya Google kuhusu hifadhi kuanzia Android 11. Kama mafaili yenu yako kwenye kadi, chukueni APK (faili la kusakinishia programu) kutoka tovuti ya Kiwix yenyewe. Na katalogi ndani ya programu ina majina yanayofanana mno. Mgeni anapotea humo.

Neno kwa vijana wanaokopia watu nyimbo na filamu sokoni: Wikipedia iko chini ya leseni ya CC BY-SA. Kuinakili ni halali, na hata kulipisha kazi yako ya kunakili ni halali, mradi leseni na majina ya waandishi yabaki. Kwa nini isiwe kwenye orodha yenu pale mezani? Ila si kila ZIM iko hivyo. Za Khan Academy, tovuti ya masomo, kwa mfano, haziruhusu biashara. Someni kwanza.

Wanaotaka ya Kifaransa, leteni kadi ya gigabaiti 64, na muiformati exFAT kabla ya kuja. Hiyo ni namna ya kupanga mafaili kwenye kadi, na ya zamani, FAT32, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na mimi sikai hapa kuformati kadi za mtaa mzima.