Moli ya Dodoma, barabara ya Dar: uzoefu wangu mimi nisiye na gari

Ndani sina neno. Vyoo ni visafi na vina maji, watoto wana pa kuchezea, na kile kiyoyozi, kwa anayelijua jua la Dodoma la Oktoba saa nane mchana, kinatosha kukufanya uzunguke rafu zote bila kununua kitu. Unga wa ngano na sabuni ya kufulia nilivikuta chini kidogo ya bei ya duka la mtaani kwetu. Mboga na matunda achana navyo, nenda soko la Majengo.

Kazi iko nje. Mimi natokea Nkuhungu, kwa hiyo ni daladala mbili: ya kwanza mpaka Sabasaba, halafu ya kuelekea Nzuguni. Kwenda ni rahisi, ila unashushwa ng'ambo, unasubiri malori na mabasi ya Dar yapite ndipo uvuke, kisha unakatiza maegesho yote katikati ya magari yanayorudi nyuma. Njia ya watembea kwa miguu hamna.

Kurudi ndiyo balaa. Nilikuwa na ndoo ya mafuta, unga na kuku wa kwenye friza. Mlinzi, kijana mpole tu, akanisimamisha getini: "Samahani mama, toroli mwisho hapa." Nikabeba. Kituo chenyewe ni nguzo ya umeme, hakuna kibanda wala kivuli, na upepo wa huku hauji bila vumbi. Jioni daladala zinafika pale zimeshajaa. Konda akiiona ndoo anageuza uso. Kuku akaanza kuvuja maji mfukoni. Bajaji mpaka nyumbani wakanitajia 5,000, nikalipa, na nafuu yote ya unga na sabuni ikaishia hapo.

Soko la Job Ndugai halina kiyoyozi, lakini limejengwa jirani na stendi kuu ya mabasi pale Nzuguni. Ukitoka na mizigo unapanda gari linapoanzia safari, unachagua siti, ndoo unaiweka miguuni. Aliyepanga vile alimkumbuka mtu wa daladala.

Moli naipa nyota tatu, zote za ndani. Mwisho wa mwezi nitarudi kama shemeji atanipa lifti. Siku wakiruhusu daladala ziingie getini kushusha na kupakia, naongeza ya nne.