Uzoefu wangu na Toyota Passo: imezaliwa kwa Daihatsu, inasukumwa na kila mtu barabarani, na bado siiuzi

Nimeitumia Passo muda wa kutosha sasa kuisemea. Ni ile ya toleo la kwanza, ya 2007, chasisi KGC10, cc elfu moja kasoro kidogo, na kila nikipaki mahali lazima atokee mtu aulize, dada hiyo Passo vipi, inakula wese kiasi gani, mlima inapanda, spea zinapatikana? Naona bora niandike yote hapa kwa pamoja, maana watu wengi wanaagiza au wananunua mkononi kwa mtu wakiwa hawajui hasa wananunua nini, na mimi hii gari naipenda kweli, sitaki mtu aidharau kwa maneno ya vijiweni.

Naishi Tabata, kazi Mikocheni. Kwa hiyo maisha yangu ni Mandela, Ubungo pale Kijazi, Sam Nujoma, Mwenge, kurudi hivyohivyo. Kwenye foleni ile ya kusogea kidogo unasimama, AC imewashwa, napata kama kilomita 12 mpaka 13 kwa lita. Wikiendi nikienda Bagamoyo asubuhi barabara nyeupe inafika 17 hivi, na hapo sikanyagi sana. Kwa bei za mafuta za sasa hivi hilo peke yake linatosha kunifanya nisalimie gari yangu asubuhi.

Kingine ni kukata kona. Jamani hii gari inageuka! Mtaani kwetu njia ni nyembamba, huku ukuta huku mtaro, mwenzangu mwenye Prado anaenda mbele anarudi nyuma mpaka mlinzi anatoka kumwelekeza, mimi nazungusha usukani mara moja nimeshatoka. Kupaki Kariakoo ndo usiseme, sehemu ambayo mtu ameiacha kwa kuona ndogo mimi naingia na mlango nafungua. Gia iko pembeni ya usukani, katikati hamna kitu, kwa hiyo ukipaki mlango wa kulia umebanwa unateleza unashukia kushoto bila shida yoyote.

Nguvu sasa. Farasi 71, usitegemee maajabu, lakini gari yenyewe haifiki hata tani moja kwa hiyo mjini inachomoka vizuri tu. Nimeshapanda nayo mlima Kitonga tukiwa watu wanne na mabegi, unazima AC, unashusha gia, unakaa kushoto kwako kwa utulivu, inapanda. Itapiga kelele, ndiyo, lakini inapanda, na juu tulifika bila injini kuchemsha. Ila kuovateki lori la mzigo kwenye barabara ya njia mbili na hii cc, nawaomba sana, subirini mpaka muone mbele kweupe kabisa, siyo ile ya kubahatisha.

Injini yake ni 1KR-FE, pistoni tatu, kazi ya Daihatsu, kampuni ya Japani ya magari madogo. Watu wakisikia pistoni tatu wanacheka, na hapo ndo huwa naumia, maana hiyo injini ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka kwenye kundi la zile zisizozidi lita moja, miaka minne mfululizo, 2007 mpaka 2010. Ndo hiyohiyo iko kwenye Vitz ya chasisi KSP90 ambayo hakuna anayeicheka, na ndo hiyo iko kwenye Aygo za Ulaya. Inatumia cheni siyo mkanda, kwa hiyo ukimwaga oili kwa wakati inakaa. Na oili yenyewe inaingia lita tatu na kidogo tu, galoni ya lita nne inabaki ya kuongezea. Ukisimama kwenye mataa gia ikiwa kwenye D utausikia usukani unatetemeka kwa mbali, hiyo ni kawaida ya pistoni tatu, usikimbilie gereji. Ikizidi mpaka dashibodi inagonga, hapo cheki injini mauntingi, zile mpira zinazoishikilia injini.

Yasiyopendeza nayo nayasema: iko chini, matuta ya mitaani lazima uyapande kwa mshazari, buti ni la mfuko wa mchele na mazagazaga ya sokoni basi, na warefu wakikaa nyuma magoti yanagusa siti ya mbele.

Sasa niwaambie nilivyojua gari yangu ni nani hasa. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni Mandela, karibu na Relini, daladala upande mmoja, lori upande mwingine, bodaboda akaamua hapo katikati pana barabara. Akapita na saidi mira yangu ya kulia. Kioo, ganda, vyote chini, nyaya zinaning'inia. Akageuka, akanyoosha mkono, "samahani sista!", akaendelea na safari yake na abiria wake na gunia lake la mkaa. Haya. Nikaenda Gerezani kutafuta spea. Duka la kwanza hamna. La pili hamna. La tatu wakasema ya kuagiza, na bei waliyonitajia nikaona hawa wanataka kuniuzia na mlango. Nikampigia fundi wangu.

"Dada'angu, wewe unaulizia ya Passo tu?"

"Si ndo gari yenyewe fundi."

"Waulizie ya Boon. Daihatsu Boon, chasisi M300. Ukiipata niletee, inakaa hiyo."

Nikarudi dukani kwenye yale ya mtumba kutoka Japani, nikataja Boon, kijana akaingia ndani akatoka nayo ndani ya dakika chache, nyeusi, nzima, soketi ya waya ileile, kwa bei ya kawaida kabisa. Nikaigeuzageuza kwanza kuangalia kama imechorwa namba ya gari ya mtu, maana Dar hii saidi mira zinatembea zenyewe usiku, na kununua cha mtu kilichoibwa mimi siwezi. Ilikuwa safi. Fundi akatoa kitambaa cha mlango kwa ndani, akafungua boliti, ya Boon ikaingia kwenye matundu yaleyale bila kulazimisha hata kidogo, akabonyeza swichi, kioo kikacheza juu chini. Halafu akanionyesha ile plastiki ya ndani ya mlango wangu, nyuma ambako huwa haionekani, imegongwa alama ya D ya Daihatsu. Ndani ya gari yenye nembo ya Toyota mbele na nyuma.

Tangu siku hiyo nimefuatilia hadi nimekuwa kero kazini. Passo ilitoka 2004, na ilitoka pamoja na Boon, Daihatsu wakiziunda zote mbili. Gari hiyohiyo Ulaya iliuzwa kama Daihatsu Sirion, Subaru nao kuanzia 2007 wakaiuza huko kwa jina la Justy, na Malaysia kampuni yao ya Perodua ikaichukua 2005 ikaiita Myvi, na huko Malaysia Myvi ni gari ya taifa zima, ilikaa miaka ikiongoza kwa mauzo. Kwa hiyo hako kagari kanakoitwa beibi woka hapa kwetu kuna nchi wanakaheshimu vizuri sana.

Na siyo Passo peke yake. Rush mnazozipenda ni Daihatsu Be-go. Cami ni Terios. Kirikuu, zile Suzuki Carry zinazobeba maji na matikiti mjini, za miaka ya karibuni utaikuta ileile imeandikwa Nissan Clipper, Mazda Scrum, au Mitsubishi Minicab. Probox, mfalme wa barabara za vumbi, Mazda wanaiuza Japani kama Familia Van. Subaru Trezia ni Ractis. Ulaya ndo kabisa, Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1 zilikuwa zinatoka kiwanda kimoja, kule Kolín, Jamhuri ya Czech, kuanzia 2005. Sababu ni hela tu, kutengeneza gari mpya kuanzia mwanzo ni gharama kubwa mno, na gari ndogo faida yake ni ndogo, kwa hiyo kampuni mbili tatu zinagawana bodi na injini, kila mmoja anaweka taa zake, bampa yake na nembo yake, mteja anachagua anayemwamini.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema kumbe Passo ni Toyota feki. Hapana. Toyota walikuwa na zaidi ya nusu ya hisa za Daihatsu tangu 1998, na 2016 wakaichukua yote. Daihatsu wenyewe wameanza Osaka mwaka 1907, hawa siyo wageni kwenye injini. Gari ndogo ndo kazi yao, kama ningekuwa Toyota na mimi ningewapa wao kazi hiyo.

Ila tusifiche na lile la Desemba 2023, maana mtu anayesifia lazima aseme na hili. Uchunguzi ulikuta Daihatsu walichezea majaribio ya usalama kwa miaka mingi, modeli 64 ziliguswa, zikiwemo zilizouzwa kwa nembo ya Toyota, Mazda na Subaru, wakasimamisha kutoa magari yote. Ripoti ilisema mambo yalianza tangu 1989 na yakazidi kuanzia 2014. Mimi iliniuma. Gari ukiipenda unataka walioiunda wawe waaminifu, na hapo unaona hasara ya kugawana viwanda, mmoja akikosea nembo nne zinachafuka kwa siku moja. Serikali ya Japani iliwabana, wakarudi kuzalisha kidogokidogo 2024. Bado naendesha yangu, mkanda nafunga, na abiria wa nyuma nao wanafunga la sivyo hatuondoki.

Tuje kwa madereva, maana ukiendesha gari ndogo Dar utawajua wote kwa tabia zao. Ukiwa na Passo watu wanakuona kama hupo. Daladala inachomekea bila indiketa, konda ndo indiketa, anatoa mkono dirishani anakupungia kana kwamba ameshakuomba na umeshakubali. Wa kutanua wanakuja kushoto kwenye vumbi wanakutimulia, halafu mbele kule wanataka uwaachie waingie. Bajaji anageuka popote panapomfaa. Na kiplefti jamani, aliye ndani ndo mwenye njia, hii tulifundishwa wote, lakini V8 ikija na taa full mchana kweupe inaona hiyo sheria ni ya magari yenye cc chini ya elfu mbili.

Linaloniudhi kuliko yote ni lile la "atakuwa mwanamke huyo". Nikisimama zebra kwa ajili ya watoto wa shule, wa nyuma anapiga honi mpaka mwisho, akinipita anachungulia, akiona mwanamke kwenye Passo anatikisa kichwa kama vile amepata jibu alilokuwa analitafuta. Nimesimama kwenye zebra baba! Watoto wanavuka! Nikienda 50 kwenye kibao cha 50 pia naonekana sijui kuendesha, wakati mbele kidogo afande amekaa na tochi chini ya mti na huyo aliyenipita kwa matusi namkuta pale ameshuka, anazungumza kwa adabu nzuri sana, elfu thelathini yake mkononi.

Lakini wapo na wazuri na lazima niwaseme. Kuna dereva mmoja wa lori la saruji, tumepishana naye mara nyingi pale kabla ya Ubungo, yule akiona gari ndogo imekwama kuingia anasimama kabisa, anazuia njia yake yote, anakuashiria pita mama. Gari kubwa kuliko zote pale na ndo yenye adabu kuliko zote. Mungu amzidishie.

Kwa anayetaka kununua: chasisi isome KGC10 kama unataka ya lita moja, QNC10 ni ile ya cc 1300 yenye nguvu zaidi kidogo. Iwashe ikiwa ya baridi, siyo umekuta muuzaji ameshaipasha, usikilize mlio wa cheni dakika za mwanzo. Chungulia chini kama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepigwa na matuta. Gia iingie D bila kushtuka. Bushi na stabilaiza linki utabadilisha tu kwa barabara zetu, hiyo hesabia mapema. Na ukienda dukani taja majina yote mawili, Passo na Boon, na za injini taja na Vitz KSP90, utaona spea zinavyoongezeka ghafla.

Mwenye familia kubwa aangalie Roomy au Tank, zina nafasi sana, na nazo ni Daihatsu Thor hizohizo. Mimi nabaki na yangu. Mwisho wa mwezi nabadilisha shokapu za nyuma, mwenye kujua duka pale Ilala lenye za Boon nzima, siyo zilizopakwa rangi upya, tafadhali anishtue.