Matundu yote kona moja: uzoefu wangu na faili la drili

Naandika hasira ikiwa bado haijaisha. Miezi kadhaa iliyopita niliagiza bodi kumi za saketi za kuwashia pampu ya maji kutoka kiwanda kimoja cha China. Faili za Gerber, yaani michoro ya shaba na maandishi ya bodi, nilizitoa kwenye programu ya zamani niliyoizoea, nikazifunga kwenye zipu moja pamoja na faili la drili linaloonyesha pa kutoboa matundu, nikatuma, nikalipa.

Mzigo ulipofika nikaufungua mbele ya mteja. Shaba safi, maandishi yanasomeka vizuri kabisa. Matundu sasa! Yamesongamana kona moja ya chini kama kuku waliokimbia mvua. Ile IC (chipu) ya miguu minane, ambayo mguu na mguu huachana milimita 2.54, matundu yake yameachana milimita 1. Mteja aliishika bodi, akaigeuza, akairudisha mezani bila neno.

Nikawaandikia. Aliyenijibu hata pole hakutoa: “Tumetoboa ulichotuma.” Nikauliza tena, kimya. Jamani, hakuna hata fundi mmoja aliyeshangaa kuona tundu la mguu limeangukia mahali pasipo na shaba? Hao nilitaka kuwapa nyota sifuri.

Usiku nikalifungua lile faili kwa Notepad. Mstari mmoja unasoma X015000Y008000. Nukta ya desimali hakuna, na juu hakuna neno INCH (inchi) wala METRIC (milimita), kwa hiyo kila upande uliiweka nukta kwa kukisia. Programu yangu ilimaanisha inchi 1.5, yaani milimita 38.1, wao wakasoma milimita 15. Nikaikodolea macho ile X mpaka hasira ikahama kutoka kiwandani ikaja kwenye programu. Kosa la Gerber silioni: RS-274X, Gerber ya siku hizi, hubeba vipimo na maumbo yake ndani ya faili lenyewe, tofauti na RS-274-D ya zamani iliyotegemea orodha ya pembeni. Ni hili la drili, la mtindo uitwao Excellon, ambalo programu mbovu inaweza kulitoa bila kutaja kipimo, na bado likapokelewa. Miundo mingine ya faili, ODB++ na IPC-2581, hubeba matabaka na matundu kwa pamoja, lakini programu yangu haizijui.

Nimehamia KiCad, programu nyingine ya kuchora bodi. Haiuzwi, ni ya bure, na faili lake la drili linataja METRIC juu kabisa na kuweka nukta kwenye namba. Ndani yake kuna GerbView, ya kukagulia faili kabla ya kutuma: unapandisha matundu juu ya shaba, ukiona tundu limetoka nje, hutumi. Dakika mbili tu.

Kiwanda je? Nilisema sifuri, lakini bodi za pili nimeagiza kwao haohao, maana shaba yao ni nzuri mno, na safari hii kila mguu umeingia. Kwa kazi ya mikono nawapa nyota nne. Kwa lile jibu siwapi hata moja, na hela ya zile kumi za kwanza bado nawadai.