Fundi aliyeizika TV yangu bila kulegeza skrubu hata moja

Nianze na huyu wa mjini, maana ndiye aliyenichefua. Duka lina mlango wa kioo, feni inazunguka, kijana kavaa fulana yenye nembo. Mimi nimetoka Kirumba na bajaji, TV ya inchi 43 nimeizungushia khanga na kuipakata. Hiyo TV ndiyo inayoniletea wateja wa jioni mgahawani, Simba au Yanga wakicheza viti havitoshi.

Nikamweleza vizuri tu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa fujo, taa zikawaka kali hadi balbu zikapasuka, TV ikalia "tak" na kuzima. Tangu hapo hata ile taa nyekundu ya chini haiwaki.

Akachomeka waya, akabonyezabonyeza rimoti huku macho yapo kwenye simu. "Mama, kioo kimekufa hicho." Nikamuuliza umejuaje, mbona hujafungua? Akacheka na mwenzake. "Wewe mama kapike wali, haya tuachie sisi." Kisha ghafla akawa mpole: niachie, nakupa elfu arobaini, nitaichinja nipate spea. Na elfu kumi ya "kuangalia" nilikuwa nimeshalipa. Kaangalia nini?

Sisemi ni tapeli. Pengine alichoka, watu walikuwa wengi, na joto la Mwanza mnalijua.

Shemeji yangu akanielekeza kwa mzee mmoja Mabatini, kibanda hata bango hakina, vumbi tupu. "Mwangaluka mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi mama, akanipa kigoda. Swali lake la kwanza halikuhusu TV: majirani nao wameunguza? Nikamwambia ndiyo, friji ya jirani na chaja kadhaa. Akasema basi hapo nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, iliachia huko nje. Ikiachia, nyumba inayotakiwa kupata volti 230 inaweza kupokea karibu 400. Halafu akasema neno ambalo yule kijana angelisema ningemheshimu: kioo kikifa, mara nyingi taa nyekundu inabaki na sauti unaisikia. Kama hakuna taa wala sauti, unaanza kwenye bodi ya pawa, ile inayoilisha TV umeme.

Akafungua mgongo wa TV, skrubu akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Kwanza akamwaga chaji ya kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme, kwa sababu ile inaweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Fyuzi ilikuwa nyeusi ndani kama sufuria ya kuni. Pembeni yake kuna kitu cha bluu, duara, kimepasuka katikati. Varista, akasema, umeme ukizidi yenyewe inajipiga shoti, fyuzi inakatika, vya nyuma vinapona. Hakukimbilia kuweka fyuzi mpya. Akapima daiodi na mosfeti, vile vipande vya bodi vinavyopitisha na kukata umeme, kwa testa, akabadilisha vilivyokufa, kisha akapitisha umeme kwenye balbu ya zamani, ile ya waya ndani, kabla haujafika kwenye TV. Balbu ikiwaka moja kwa moja, shoti bado ipo. Ikamulika kidogo, ikafifia. Taa nyekundu ikawaka! Nilipiga kigelegele hadi wauza mitumba wakageuka.

Gharama yote ilikuwa elfu ishirini na tano, spea ndani.

Sasa msidhani mzee ni malaika. Spea alinizungusha nayo, kesho, njoo kesho, ukifika kafunga kaenda kula. Na tundu moja la HDMI, lile la king'amuzi, limekufa, nilipomuuliza alisema tu "tumia la pili." Natumia la pili. Ningempa nyota nne, lakini kwa zile kesho zake nampa tatu. Hapana, nne. Aliniita mayu, na alifungua.

Yule wa mjini nilisema si tapeli. Naifuta hiyo kauli. Nilipomtajia mzee ile elfu arobaini, hata hakushangaa. Akaniambia TV za namna hiyo wananunua kwa bei ya spea, wanabadilisha fyuzi na varista, wanaiuza laki mbili na ushee. Kumbe kioo changu kilikuwa kizima kabisa, na kijana alikitaka hivyo hivyo kizima!

Nyota sifuri, kama ipo. Na elfu kumi yangu ya kuangalia nitaifuata, tena nitakwenda siku ana wateja wengi.