Rivyu: kifurushi cha "kila kitu" cha papi (mtoto wa mbwa), kwa anayejiandaa kumpokea Frenchie (French bulldog) wake wa kwanza

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: nyota tatu kati ya tano, na hizo tatu karibu zote ni za kreti, yaani kizimba cha kulala papi.

Hiki kifurushi mnakijua, ukitafuta vitu vya papi onlaini lazima kikutokee tu. Kreti ya waya, godoro lake, bakuli mbili, kola na kamba, pedi za kukojolea, midoli, brashi, shampuu na mkeka wa kupoza mwili, vyote boksi moja, na juu ya boksi kuna picha ya papi wa Labrador anacheka. Sasa hiyo picha ndo inakuambia kila kitu. Aliyepanga hivi vitu alikuwa anamuwaza mbwa mwenye pua ya kawaida, shingo ya kawaida na mgongo wa kawaida, na French bulldog hana hata kimoja kati ya hivyo. Halafu kinachochekesha, Labrador alikuwa namba moja kwenye usajili wa American Kennel Club, chama cha kusajili mbwa kule Marekani, tangu 1991 mpaka Frenchie alipomng'oa 2022, yaani mbwa anayenunuliwa sana ndo huyu wa pua bapa ila wauza vifurushi naona habari bado haijawafikia.

Tuanze na kizuri. Kreti ni nzuri kweli, sina neno. Ni ya inchi 30, kama sentimita 76 hivi, na Frenchie mkubwa anakuwa na kilo kati ya 9 na 14 hivi kwa hiyo hii anazeeka nayo. Ndani ina kizuizi cha kusogeza, mwanzoni unambakizia nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, basi, maana ukimpa ukumbi mzima kona moja atalala na kona nyingine atafanya choo. Trei ya chini inavutika bila kugombana nayo, milango miwili, komeo limekaza. Na kwa huyu mbwa waya ni bora kuliko zile kreti za plastiki zilizozibwa pembeni kwa sababu hewa inapita pande zote. Kuna watu wanapenda kuifunika na shuka ili papi atulie, sawa, ila acha pande mbili wazi, na akiwa ndani mvue kila kitu shingoni maana kola ikinasa kwenye waya na wewe haupo hiyo ni hatari.

Godoro lake ndo siliwezi. Manyoya marefu ya polyester, nene, mtoto analala humo kama yuko kwenye oveni, na kipindi cha meno analipasua anameza pamba. Taulo kuukuu limekunjwa linatosha kabisa, linafulika kila siku na akilichana hulii.

Kola: toa, au ibaki ya kuning'iniza kibati chenye namba ya simu. Hapa naomba mnielewe kwanini, manake watu wanadhani ni mbwembwe za wenye Frenchie. Fuvu la huyu mbwa limefupishwa lakini nyama za ndani hazikufupishwa nalo, kaakaa laini linakuwa refu kupita nafasi iliyopo, matundu ya pua yanakuwa membamba, kwa hiyo ile kukoroma ambayo kila mtu anasema "jamani anapendeza" mara nyingi ni hewa inayolazimisha kupita pasipo nafasi. Sasa mbwa wa namna hiyo umvute kwa shingo? Unachotaka ni hanesi, yaani mikanda ya kuvaa kifuani badala ya shingoni, ile yenye umbo la herufi Y kifuani, isiyokatiza juu ya mabega na isiyosugua kwapa, yenye kurekebishika shingoni na kifuani kwa kutengana. Na usiamini chati za saizi zinazoenda kwa kilo, Frenchie ana kifua kipana na shingo nene, kilo zake zinamweka kwenye saizi ambayo haifungi. Chukua futi kamba, pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, na shingo pale chini inapoanzia. Nunua ya bei ya chini kwanza kwa sababu baada ya muda mfupi haitamwenea. Kamba ya kwenye kifurushi haina shida, ni kamba.

Bakuli nazo ni za chuma, hapo wamefanya la maana kwa sababu plastiki ikichubuka inahifadhi uchafu na kidevu cha hawa mbwa kinatoka vipele kwa urahisi. Ila ni nyembamba na zina kina. Mbwa mwenye mdomo mrefu anaingiza mdomo, huyu anaingiza uso. Chakula kinaingia kwenye mikunjo, maji yanaingia puani, anapiga chafya, sakafu nzima imelowa. Tafuta sahani pana isiyo na kina yenye mpira chini isiteleze, zilizoinama kidogo kwa mbele ndo bora zaidi. Na kama anakula kwa pupa (watakula kwa pupa) kuna zile sahani zenye matuta ya kumchelewesha, chukua zenye matuta mafupi, yale marefu uso wake haufiki chini. Akimeza upesi anameza na hewa, na hewa ina njia moja tu ya kutokea baadaye mkiwa mmekaa sebuleni na wageni.

Mkeka wa kupoza, huu nimeugeuza na kuugeuza. Wazo lenyewe ni la lazima kabisa kwa Frenchie. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na huyu kuhema kwenyewe ndo shida, kwa hiyo joto ambalo mbwa mwingine analivumilia yeye linaweza kumuua, sitanii. Lakini mkeka wa jeli kumpa papi anayeota meno ni kumpa kitu cha kupasua, wa kwetu aliufungua pembeni siku hiyohiyo na jeli si chakula. Utumie ukiwa umekaa naye hapohapo, vinginevyo feni na sakafu ya vigae vinafanya kazi ileile bila kupasuka. Kutembea ni asubuhi mapema au jioni, mchana wa jua kali kaa ndani. Kitu ambacho kilitakiwa kiwe kwenye boksi badala ya huo mkeka ni kipimajoto cha kuingiza nyuma. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 mpaka 39.2, kwa hiyo usishtuke kuona 39, ila likikaribia 41 anza hapohapo kummwagia maji ya baridi na kumpulizia feni kisha njia moja kwa daktari wa mifugo, na huyo daktari mjue kabla papi hajafika nyumbani, namba yake na ya wanaofungua usiku zibandikwe kwenye mlango wa friji.

Pedi za kukojolea ni nyepesi, mkojo unapita, weka mbili mbili. Hesabu wanayotumia watu ni umri wa papi kwa miezi jumlisha moja, ndo masaa anayoweza kujizuia, kwa hiyo anayefika na wiki nane usitegemee zaidi ya masaa matatu na usiku utaamka, hakuna kifurushi kitakachokuamkia. Hawakuweka dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya na bila hiyo unajisumbua, maana sabuni yenye amonia kwake inanukia mkojo, unapasafisha yeye anaona umemwekea alama ya choo.

Midoli ipo mitano. Ule wa mpira wenye tundu la kujazia chakula ni mzuri sana, ungeuzwa peke yake ningeupa nyota tano. Wa kamba utoe, nyuzi zikikatika anazimeza na utumbo ukiziba ni upasuaji. Mpira mdogo utoe pia, Frenchie ana mdomo mpana kuliko unavyodhani na kitu kikitelezea kooni kwa mbwa ambaye hewa yenyewe ni ya kubana huna muda. Ile ya manyoya yenye kitu kinachotoa mlio ndani, ukiwepo tu. Wetu sasa hivi yuko katikati ya kubadilisha meno, 28 ya utoto yanatoka yanakuja 42, kwenye taya fupi hivyo yanapangana kwa kubanana, kwa hiyo mazoea ya kumshika mdomo na kumpigisha mswaki yaanze angali mdogo.

Brashi sawa. Shampuu ina manukato, gawa.

Uso sasa, maana hakuna kitu hata kimoja cha uso kwenye boksi lote. Mikunjo inafutwa na kitambaa laini chenye maji au vifutio visivyo na manukato wala spiriti halafu INAKAUSHWA, kukausha ndo kazi, unyevu ukibaki mle vinaanza vidonda na harufu. Angalia na chini ya mkia, wengine wana kishimo pale ambacho mwenye mbwa hakijui mpaka kinuke. Macho yametokeza, akiyafumba fumba au yakiwa mekundu usisubiri kesho.

Kingine ambacho hakipo ni mteremko wa kupandia kochi. Hawa ni mbwa wa miguu mifupi ya kurithi, na inakuja pamoja na diski za uti wa mgongo zinazochoka mapema, kuruka kutoka kwenye kochi kila siku sio mchezo wa bure. Kama hutaki mteremko, kochi liwe marufuku toka siku ya kwanza, ila tunajuana. Na kama kuna bwawa, liwekee uzio: kichwa kizito, miguu mifupi, wengi hawaelei.

Chakula hakipo na hilo nawapongeza, kwa sababu papi anatakiwa aendelee na kilekile alichokuwa anakula kwa mfugaji, mara tatu au nne kwa siku, ukitaka kubadilisha unachanganya taratibu kwa wiki nzima au zaidi. Mwombe mfugaji akufungashie kidogo. Na ukiwa huko kwa mfugaji kabla ya kutoa hela mtazame mama, matundu ya pua yake yako wazi au ni mistari miwili? Anahema kwa kelele akiwa amekaa tu? Uliza kama wazazi wamepimwa upumuaji, kuna mpango wa The Kennel Club ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Cambridge tangu 2019 unaompa mbwa daraja 0 mpaka 3, sifuri ndo safi. Akikuambia "wote hukoroma hivyo" aga. Akianza na rangi adimu, bluu, lailaki, sijui merle (ya mabaka mabaka), aga mara mbili, merle haipo kwenye viwango vya hii mbegu kabisa na hao wa bluu wengine wanakuja kunyonyoka manyoya, na bado unalipishwa zaidi. Bima ya matibabu nayo ikatwe mapema akiwa hana tatizo lililoandikwa popote, kwa sababu kilichokwisha kuandikwa kawaida hawakilipi.

Huduma ya muuzaji: boksi limefika zima, kwa wakati. Niliwaandikia kuuliza kama naweza kubadilisha kola nipewe hanesi nikaongeza hela, wakanijibu kwa adabu kubwa na chati ya saizi za kola. Nikauliza tena. Chati ileile, safari hii kwa rangi.

Kwenye ukurasa huohuo ukishuka chini kabisa kuna sehemu wanauza kreti peke yake, imejificha lakini ipo. Chukua hiyo, inchi 30 yenye kizuizi, ongeza ule mdoli wa mpira, na hela inayobaki ikanunue hanesi, sahani pana na kipimajoto.